Kukausha Nguo kwa Salama, Tokea Vitshumbi Hata Ughaibuni

Katika ncha ya kusini ya Ziwa Edward, pale nyanda za Rwindi zikomapo na maji yaanzapo, pana kijiji cha wavuvi kiitwacho Vitshumbi, ambacho pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma ni vituo vitatu vya uvuvi vinavyotambuliwa na sheria upande wa Kongo wa ziwa hilo, na ambacho, kwa upande wa nchi kavu, kimezungukwa pote na Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoasisiwa mwaka 1925. Kijiji hicho kipo mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Goma upo takriban mita 1,500, basi jua lake ni kali na joto lake ni la kudumu. Walakini hapana siku ambayo watu wake hupumzika kuanika, kwa sababu mvuvi hurudi alfajiri amelowa, mpasuaji wa samaki hushinda katika maji na chumvi, na mama mwenye mtoto mchanga hufua asubuhi vitambaa atakavyovihitaji tena kabla ya jua kuchwa. Kufua na kuanika katika mwambao huo ni faradhi ya kila siku, na kwa kuwa hutendwa kila siku, ni wachache wanaosimama kuuliza namna gani hutendwa kwa salama.

Swali hilo limekuwa kubwa zaidi tangu jamaa zetu walipotawanyika. Katika mwaka wa serikali uliokwisha Septemba 2016, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, idadi iliyozidi ile ya nchi nyingine yoyote mwaka huo, na wengi miongoni mwao walikuwa watu wa Kivu waliopitia makambi ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Mama aliyekuwa akianika vitenge juu ya majani makavu au juu ya ukuta wa mawe ya volkano alijikuta, baada ya safari ya ndege, katika nyumba ya Louisville au ya Abilene, mbele ya sanduku jeupe la chuma lenye mlango wa duara, akaonyeshwa kitufe cha kuwashia, akaambiwa kwamba nguo zitatoka kavu kwa muda wa saa moja. Aghalabu hakuonyeshwa chujio, wala bomba la hewa lililo nyuma ya sanduku, wala hakuambiwa ni nguo zipi zisizopasa kuingia humo kabisa. Mwanamke huyo na dada yake aliyebaki ziwani hufanya kazi moja kwa vyombo viwili, na kanuni inayowaongoza wote wawili ni moja: kinachokausha nguo ni hewa inayokwenda, joto ni msaidizi wake tu, na karibu kila hatari ya kazi hii huzaliwa pale joto linapoachwa peke yake pasipo hewa.

Tuanze na maji yenyewe. Nguo ya pamba iliyokamuliwa kwa mikono huweza kubaki na maji ambayo uzito wake ni sawa na uzito wa nguo, au zaidi, na maji hayo hayaondoki illa yageuke mvuke. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hudai nguvu nyingi, takriban theluthi mbili za kilowati-saa moja, ambazo zingetosha kuwasha taa ndogo ya wati 10 kwa saa zaidi ya 60. Juani tunapewa nguvu hiyo bure, na ndiyo maana hatuihesabu. Mwenye mashine huinunua, na akitia kilo tatu za nguo zilizobeba lita tatu za maji, huwa amekwisha kujipa deni la kilowati-saa mbili kabla mashine haijapoteza chochote kwa uchakavu wake. Kwa hiyo kukamua vizuri ni nusu ya kukausha. Watu wawili wakilishika shuka kwa ncha zake wakalisokota mpaka lisitoe tone, huondoa kwa dakika moja maji ambayo jua lingeyaondoa kwa saa nzima, na mashine ya kufulia inayozungusha nguo kwa kasi mwishoni mwa kazi yake hufanya hayo hayo kwa gharama ndogo mno kuliko ile ya kuyapasha maji moto.

Mvuke ukishatoka, lazima uchukuliwe. Hewa iliyoizunguka nguo, kama haiendi, hujaa unyevu ikafika mahali ambapo haiwezi kupokea zaidi, mfano wa mgeni aliyekwisha kula akashiba, ambaye umwandalie nini hatatia tonge jingine mdomoni. Ndiyo sababu siku ya mawingu yenye upepo hukausha kuliko siku ya jua isiyo na pumzi, na ndiyo sababu nguo zilizoanikwa ndani ya chumba kimoja kilichofungwa, wakati wa masika ya Goma, hukaa siku mbili zikinuka uvundo, huku maji yake yakihamia ukutani na katika blanketi za waliolala, yakaotesha ukungu unaowasumbua wenye pumu na watoto wachanga. Atakayelazimika kuanika ndani na afungue madirisha mawili yanayotazamana, hata kwa kitambo, apate hewa ya kuingia na ya kutoka. Dirisha moja peke yake huwa halitoshi.

Vitshumbi ina neema ya upepo wa ziwa na jua, lakini ina mashaka yake vilevile. Viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, nao hupita katika vichochoro vya kijiji kama wenyeji wengine, kwa hiyo kamba iliyofungwa karibu na ufuo ni kamba inayomwita mama atoke gizani kuanua nguo alizozisahau, na kiboko aliyezuiwa njia ya kurudi majini ni mnyama wa kuua. Korongo wakubwa wenye kipara, wale wanaotembea baina ya watu wakingoja matumbo ya samaki, hutua juu ya mapaa na kuchafua kila kilicho chini yao. Moshi wa samaki wa kukaangwa na wa kukaushwa huingia katika nguo mbichi upesi kuliko katika nguo kavu. Mambo haya yote hufundisha jambo moja la busara: kamba na iwe juu, mbali na ufuo, mbali na chanja za samaki, na nguo zianuliwe kabla ya magharibi.

Iko hatari nyingine ambayo ni ndogo kwa umbo lakini imewatesa watoto wengi wa nchi zetu za joto, kuanzia Afrika ya Magharibi mpaka ya Mashariki. Inzi mmoja wa rangi ya hudhurungi, ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga, hupenda kivuli na unyevu, na hutaga mayai yake kwa mamia juu ya mchanga wenye mkojo au jasho, au juu ya nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai huanguliwa kwa siku moja mpaka tatu; viwavi vyake, ambavyo ni vidogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi, huweza kusubiri majuma mawili hivi katika kitambaa pasipo chakula, na vikihisi joto la mwili hupenya ngozi bila ya maumivu. Baada ya siku chache panatokea jipu lenye kitundu katikati, maana kiwavi hupumua kwa kitundu hicho, na hukua humo siku nane mpaka kumi na mbili. Asiyejua hukamua kwa nguvu, kiwavi kikapasukia ndani, na jipu likageuka kidonda cha kweli. Iliyo bora ni kukifunika kitundu kwa mafuta mazito ya kujipaka mpaka kiwavi kikose pumzi na kutoa kichwa, kisha kukitoa kwa taratibu na kusafisha pahali pake, au kwenda zahanati kama jipu liko karibu na jicho au yako mengi.

Kinga ya adui huyo ni mbili: kuanika juani juu ya kamba, wala si juu ya majani au mchanga, na kupiga pasi. Joto la pasi huua mayai na viwavi, lakini hufanya hivyo pale tu linapofika, kwa hiyo nepi, shuka na nguo za ndani zapaswa kupigwa pande zote mbili, na zaidi katika mishono na mikunjo ya kiunoni, ambapo kitambaa ni kinene na unyevu hukawia. Nguo yenye mpira usiovumilia moto na ihifadhiwe kavu kwa zaidi ya majuma mawili kabla ya kuvaliwa. Nimesikia watu wazima wakisema kwamba kupiga pasi nepi ni anasa ya wenye nafasi. La hasha, katika nchi yenye inzi huyu ni tiba inayotangulia ugonjwa, na mama anayeifanya asidhaniwe kuwa anapoteza makala.

Lakini pasi ya makala nayo ina sharti lake, na hapo ndipo kanuni ya hewa inaporudi kwa ukali. Makala yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo, ikaizuia damu kubeba pumzi ya uhai. Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa kwamba hewa isiyoonekana yaweza kuua, kwa sababu wanaijua mazuku, ile gesi itokayo ardhini magharibi ya mji kuelekea Sake, ikatuama katika mabonde madogo alfajiri na kuua mbuzi na hata watoto. Mazuku ni dioksidi ya kaboni, nzito kuliko hewa, na mtu akipanda mahali pa juu huweza kuokoka nayo. Gesi ya makala hujichanganya na hewa yote ya chumba, juu na chini, na wala haina mahali pa kupandia. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida, na aliyelala huenda asiamke. Basi pasi iwashiwe nje, ipigiwe barazani au penye mlango na dirisha wazi, na mbabula, lile jiko la makala, isiingizwe chumbani kamwe usiku wa mvua kwa nia ya kukausha nguo zilizotundikwa juu yake. Desturi hiyo ya kutundika nguo juu ya mbabula huleta hatari mbili kwa mpigo, ya gesi na ya moto, nami naichukia kuliko makosa yote yaliyomo katika habari hii, kwa kuwa wanaopatwa nayo ni watoto waliolala.

Wavuvi wana jambo lao la peke yao. Anayetumia mashine ya mtumbwi hurudi na mafuta ya petroli katika kaptula na shati, na mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche moja. Nguo ya namna hiyo haipaswi kukaribia pasi, wala mbabula, wala, kwa aliye ughaibuni anayefanya kazi katika gereji, mashine ya kukaushia, hata ikiwa imefuliwa mara moja. Ianikwe nje peke yake mpaka harufu iishe kabisa, kisha ifuliwe tena, na tena kama harufu ingaliko.

Sasa tuliangalie lile sanduku jeupe. Nasaba yake ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Karibu na mwaka 1800 Mfaransa aitwaye Pochon alitengeneza pipa la chuma lenye matundu, likazungushwa kwa mkono juu ya moto, na nguo zikatoka kavu lakini zikinuka moshi, na pengine zimeungua. Tarehe 7 Juni 1892, George T. Sampson, mtu mweusi wa mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, alipewa hati ya uvumbuzi kwa fremu ya kutundikia nguo karibu na jiko, ili joto la jiko lizikaushe pasipo kuhitaji jua. Kisha J. Ross Moore wa North Dakota, aliyechoka kumwona mama yake akianika nguo nje katika baridi kali ya kule, alihangaika miaka mingi na michoro yake mpaka kampuni ya Hamilton ya mji wa Two Rivers, Wisconsin, ilipoanza kuuza mashine ya umeme na ya gesi mwaka 1938. Yafaa wasomaji wetu wajue kwamba chombo hiki kilizaliwa na shida ya watu wa baridi, ambao kwao kamba ya nje huganda barafu. Hakikuzaliwa na uvivu.

Ndani ya sanduku hilo mna pipa linalozunguka polepole likizirusharusha nguo, mna waya wa umeme au kichomeo cha gesi kinachopasha hewa moto, na mna pangaboi linaloivuta hewa hiyo kupitia nguo na kuisukuma nje kwa bomba ikiwa imebeba mvuke. Mna pia vidhibiti joto vinavyokata moto unapozidi. Kila nguo inaporushwa hudondosha nyuzinyuzi, vumbi jepesi la pamba, ambalo sehemu yake kubwa hunaswa na chujio lililo karibu na mlango, na iliyobaki hupenya ikaenda kukaa katika bomba na chini ya pipa, karibu na waya wenye moto. Nyuzinyuzi hizo ni kavu, ni laini, na hushika moto upesi. Chujio likijaa, hewa hupungua mwendo. Hewa ikipungua mwendo, joto hubaki ndani. Na joto likibaki ndani pamoja na nyuzinyuzi, kilichosalia ni kungoja siku tu. Idara ya Zimamoto ya serikali ya Marekani ilipochunguza miaka 2008 hadi 2010 ilikadiria kwamba mashine za kukaushia nguo majumbani husababisha mioto 2,900 kwa mwaka, ikiua watu 5, kujeruhi 100 na kuharibu mali ya dola milioni 35, na katika asilimia 34 ya mioto hiyo sababu iliyotangulia nyingine zote ilikuwa kutosafisha. Mwezi wenye mioto mingi ni Januari, wakati wa baridi, ambapo nguo ni nzito na mashine haipumziki.

Hata mtengenezaji huweza kukosea mahali hapo hapo. Mwezi wa Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kuwa mamilioni ya mashine zilizouzwa Uingereza kwa majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, zilizoundwa baina ya 2004 na 2015, zina kasoro inayoruhusu nyuzinyuzi kuugusa waya wa moto. Na tarehe 19 Agosti 2016 mashine moja ya namna hiyo iliwasha moto katika jengo la ghorofa la Shepherd's Court, magharibi mwa London, familia nyingi zikalazimika kukimbia makwao. Wakati ule wenye mashine walikuwa wameambiwa kwamba waweza kuendelea kuzitumia mradi wasiziache peke yake, na moto huo ulitokea mchana, wenyewe wakiwamo nyumbani. Mwaka 2019, baada ya serikali kutangaza nia yake ya kuamuru hivyo, mashine zilizosalia ziliitwa zirudishwe. Jamaa aliye Uingereza anayenunua mashine iliyotumika kwa bei nafuu, au aliyeikuta katika nyumba ya kupanga, asome jina na namba iliyoandikwa kando ya mlango na kuulizia kama ni miongoni mwa zilizoitwa zirudi.

Matunzo yenyewe hayataki ufundi. Chujio lisafishwe kila mara mashine itumikapo, kabla ya kutia nguo, wala si mara moja kwa juma. Na kama mtu hutumia zile karatasi za manukato za kulainishia nguo, basi alioshe chujio kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mara kwa mara, kwa sababu karatasi hizo huacha utando usioonekana unaoziba vitundu vyake. Bomba la nyuma na liwe la chuma, fupi, lisilokunjwa wala kubanwa na ukuta, kwa maana bomba la plastiki huyeyuka na kulisha moto. Lifunguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, na pale linapotokea nje ya nyumba kiangaliwe kifuniko chake kama hufunguka hewa inapotoka, kwa kuwa ndege hujenga humo na theluji huliziba. Ishara ya kwanza ya bomba lililoziba ni nguo ambazo zamani zilikauka kwa saa moja na sasa zinataka saa mbili. Mtu akiona hivyo asiongeze muda wala joto. Akatafute mahali hewa ilipozuiwa. Mpangaji ambaye bomba si mali yake amwambie mwenye nyumba kwa maandishi, na abaki na nakala.

Hatari ambayo huwashangaza hata wenyeji wa mashine hizi ni ya vitambaa vyenye mafuta. Kitambaa kilichofyonza mafuta ya kupikia, mafuta ya kuchulia mwili au mafuta ya kupakia mbao, hata kikifuliwa, huweza kubaki na mafuta kiasi, na mafuta hayo yakipashwa moto kisha yakalundikwa pamoja, huendelea kupata joto yenyewe kwa yenyewe mpaka yawake, pengine saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa, nguo zikiwa zimekunjwa ndani ya kapu. Mama anayekaanga samaki au sambusa kwa biashara na kufua vitambaa vyake nyumbani ayajue haya kuliko wote: vitambaa hivyo avianike kwa hewa tu. Na kwa nguo zote, ile sehemu ya mwisho ya kazi ya mashine, inapozungusha pasipo moto ili nguo zipoe, isikatizwe. Aliye na haraka akizitoa zikiwa moto na kuzirundika, hufungia joto mle mle. Vitu vya mpira wa povu, kama mito na vitambaa vya chini ya zulia, visiingie humo kabisa.

Mashine ya gesi hudai zaidi, maana bomba lake hubeba pia ile gesi ya makala niliyoieleza, na likivuja chumbani huleta msiba ule ule wa mbabula. Kifaa cha kutoa kengele ya monoksidi ya kaboni kiwekwe karibu na vyumba vya kulala. Watoto, ambao kwao pipa linalozunguka ni pango la kuchezea, wazuiliwe, na mlango uwe umefungwa mashine isipotumika. Wala isiwashwe mtu akitoka nyumbani au akienda kulala. Moto ukianzia ndani, mlango wa mashine usifunguliwe, kwa sababu kuufungua ni kuupa moto hewa. Umeme ukatwe kama waweza kufikiwa kwa salama, mlango wa chumba ufungwe, watu wote watoke, na zimamoto waitwe kwa 911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza, au 112 katika nchi za Ulaya.

Je, mashine hii ina nafasi kwetu? Wapo watu wa Goma wanaoiulizia, hasa wenye hoteli na wenye watoto wengi, nami nisingependa kuwavunja moyo, ila wafanye hesabu kwanza. Mashine ya Ulaya hula takriban wati 2,000 hadi 2,500, ya Marekani huweza kufikia 5,000. Kituo cha umeme cha Matebe huko Rutshuru, kilichozinduliwa mwaka 2015, kina uwezo wa takriban megawati 13: mashine za Kimarekani 2,600 zikiwashwa kwa wakati mmoja zingekimaliza chote, pasibaki taa hata ya chumba kimoja cha kujifungulia. Paneli ya jua ya wati 100, ambayo ni fahari ya nyumba ya mvuvi, haiwezi hata kuipasha mashine hiyo joto. Anayeweza kuchagua na achague ile ya namna mpya inayotumia pampu ya joto, ambayo huyarudisha matumizi chini kwa nusu hivi, hukausha kwa joto dogo, haina bomba la nje, bali hukusanya maji katika chombo cha kumwagwa; nayo ina chujio na vipande vya ndani vya kusafishwa vilevile.

Lililo muhimu zaidi ni waya. Wati 2,500 kwa umeme wa volti 220 ni zaidi ya ampea 11, mkondo ambao ule waya mwembamba wa kurefushia, wenye matundu matatu ya kuchomeka taa, redio na simu, hauwezi kuubeba kwa saa nzima pasipo kupata moto ndani ya ganda lake. Mashine iwe na soketi yake ya ukutani, waya mnene utokao moja kwa moja katika kikata umeme chake, na waya wa ardhini uliofika ardhini kweli, kazi ambayo katika Goma, iliyojengwa juu ya mwamba wa volkano, humlazimu fundi kuchimba kwa bidii na asikubali kuifanya nusu. Na jamaa aliyeko Marekani anayetaka kumletea mama yake mashine ndani ya kontena ajue kwamba mashine ya kule hutaka umeme wa nyaya za namna mbili, volti 240 kwa joto na volti 120 kwa mota, wenye mizunguko 60, ilhali wa kwetu ni volti 220 wenye mizunguko 50. Fundi akiiunganisha kwa kubahatisha, mota itaungua siku ya kwanza. Fedha hiyo na itumwe taslimu.

Kwa Vitshumbi ningependekeza jambo lililo rahisi zaidi, ambalo chama cha wavuvi au parokia yaweza kulijenga kwa mabati na miti iliyonunuliwa kihalali nje ya hifadhi: banda lililo wazi pande zote nne, lililoelekezwa upande upepo wa ziwa unakotoka, lenye paa la kuzuia mvua na ndege, na kamba zilizofungwa juu kuliko mkono wa mtoto na mdomo wa mbuzi, zikiachana kiasi cha mkono mmoja ili hewa ipite baina ya shuka na shuka. Liwe katikati ya nyumba, si ufuoni. Pembeni yake pawe na meza mbili za kupigia pasi na shimo la majivu, ili makala yawashwe na kuzimwa hapo hapo penye hewa, na mama mwenye nepi asilazimike kuipeleka pasi chumbani. Palepale pawekwe kamba moja ya peke yake, mbali na meza za pasi kwa hatua ishirini au zaidi, kwa nguo za wavuvi zenye harufu ya petroli.